Misaada, Muungano na Uamuzi: Tanzania na Ujerumani Mbili, 1964–1965

Wachambuzi wengi wa sera za nje za nchi zinazoendelea huegemea nadharia ya utegemezi: apokeaye misaada hufuata matakwa ya aitoaye. Wengine humtazama kiongozi peke yake, kana kwamba sera ya nchi ni hulka ya mtu mmoja. Makala haya yanadai kwamba mgogoro wa Tanzania na Ujerumani ya Magharibi hauelezeki vyema kwa mkabala wowote kati ya hiyo miwili.

Kabla ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, Zanzibar ilikuwa imekwishaitambua Ujerumani ya Mashariki, ilhali Tanganyika ilikuwa na uhusiano na Ujerumani ya Magharibi. Serikali ya Bonn, kwa kufuata Kanuni ya Hallstein, ilipinga utambuzi wowote wa Ujerumani ya Mashariki. Dola changa ikajikuta imerithi ahadi mbili zisizopatana. Nyerere alitafuta njia ya kati: ubalozi uliokuwa Zanzibar ufungwe, na Ujerumani ya Mashariki iruhusiwe kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi. Februari 1965 Bonn ilijibu kwa kuondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere naye akaitaka iondoe na misaada mingine ya kiserikali.

Nadharia ya utegemezi ingetabiri kinyume chake. Hata hivyo, kusema tu kwamba Nyerere alikuwa mtu wa misimamo hakutoshi, kwa kuwa alikuwa ametafuta suluhu kwa miezi mingi. Kilichombana ni muundo wa dola yenyewe. Kuitii Bonn kikamilifu kungemaanisha kuilazimisha Zanzibar imfukuze rafiki yake, na Muungano ulikuwa haujatimiza hata mwaka. Wanauhalisia husema dola hulinda uhai wake kwanza. Ni kweli, lakini wamezoea kuitafuta hatari nje ya mipaka. Hapa ilikuwa ndani.

Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ikitekeleza azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika ambalo wanachama wengi hawakulitekeleza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Hapa Zanzibar haikuwa kiini cha mgogoro, na imani ya kiongozi ina uzito mkubwa zaidi. Wanaoyaweka maamuzi haya mawili katika kapu moja, kwa kuwa yote yaligharimu misaada, wanahesabu gharama tu na kuacha sababu.