Mawe ya Mlima Hoyo

Toka Kisangani kwenda Ituri twapita katika mwitu mzito, tukidhani uko hivyo tangu mwanzo. Sivyo. Katika miaka ya 1970 Francis Van Noten, Mbelgiji, alichimba pango la Matupi katika mlima Hoyo. Alikuta mawe madogo yaliyochongwa kwa ufundi, mengine ya miaka 40.000, pamoja na mifupa ya nyama wa mbuga: zamani majani yalizidi miti.

Wakristo hutuuliza: na Adamu je? Tusiogope. Mwaka 1950 Papa Pio XII aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili wa mtu; roho yaumbwa na Mungu mwenyewe. Nalo jiwe lililochongwa ni alama ya akili. Basi asiseme mtu kwamba historia yetu ilianza na wageni.