Jitu, kijitu na mbilikimo

KISWAHILI hakihitaji uchawi kumkuza mtu wala kumpunguza. Tia ji-, mtu awe jitu. Tanguliza ki-, jitu linywee, liwe kijitu. Nilipokuwa mchungaji mdogo wa mbuzi, nililala kifudifudi kando ya kichuguu nikikiona mlima, na siafu wakawa msafara wa wapagazi. Nadhani kila mtoto amewahi kuota hivyo mchana kweupe.

Watu wazima nao waliota, na ndoto zao zimo kamusini. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alilinakili neno 'mbilikimo' katika kamusi yake iliyotoka mwaka 1882, yeye akiwa keshafariki. Alilihusisha na 'mbili' na 'kimo': mtu ambaye urefu wake ni kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, mara mbili basi. Watu wa pwani walisimulia kuwa viumbe hao waliishi mwendo wa siku nne magharibi mwa Uchaga. Hebu tazama umbali huo: karibu kiasi cha kusadikika, mbali kiasi kwamba hakuna wa kwenda kuhakikisha. Walikuwa na ndevu kubwa, na kila mmoja ana kijikiti makalioni kisichoanguka popote aendapo. Tena, ati Waswahili walipata elimu ya dawa kutoka kwao! Walipunguzwa kimo, hawakupunguzwa akili.

Majitu je? Tunaye Liongo. Katika masimulizi aliyoyachapisha Edward Steere mwaka 1870, hapenywi na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe ndiye aliyemdunga. Liongo akapiga goti kati ya mji na visima, upinde mkononi, akafa vivyo hivyo. Wenyeji wakaogopa kuteka maji, wakidhani yu hai. Njia ya mitungi, wanayoipita kila siku, ikafungwa na maiti.

Mambo yaliharibika ndoto ilipokutana na watu halisi. Wambuti na Wabatwa wa misitu ya Kongo wana majina yao, lakini wageni walikwenda wakiwa na 'mbilikimo' tayari mdomoni. Kijikiti na udaktari vikasahauliwa, kikabaki kimo tu. Mwaka 1906 Ota Benga, kijana wa Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wamkodolee macho. Alijiua mwaka 1916.

Siku hizi nawasikia watangazaji wakimwita mtu mfupi 'kijitu' kwa kicheko, nami husikiliza upatanisho wa kisarufi. Mbilikimo angalau aliachwa katika ngeli ya A-WA: mbilikimo huyu amekuja. Kijitu ni 'hiki kimekuja', sawa na kiti.