Upimaji wa njia ya hewa kwa endoskopi na CT

Upimaji wa njia ya hewa ni kazi ya kitabibu ya kujua upana, urefu na umbo la mfereji unaopitisha pumzi kutoka puani na mdomoni hadi mapafuni. Hufanywa hasa kwa endoskopi, yaani kuingiza mrija wenye taa na kamera, na kwa CT, ambapo kompyuta huunganisha picha nyingi za eksirei kuonyesha mwili kipande kwa kipande.

Umuhimu wa milimita

Trakea ya mtu mzima ina kipenyo cha milimita 15 hadi 20 hivi. Kwa mtoto mchanga, sehemu iliyo chini kidogo ya nyuzi za sauti ina takriban milimita 4 tu. Ukuta wake ukivimba kwa milimita 1 pande zote, kipenyo kinabaki milimita 2, na nafasi ya kupitisha hewa ni robo ya ile ya awali. Katika mji wa Arusha, ulio kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani, hivyo mgonjwa aliyebanwa pumzi ana akiba ndogo zaidi ya oksijeni. Juu zaidi kwenye miteremko ya Mlima Meru akiba hiyo inazidi kupungua.

Endoskopi

Mwaka 1897 Gustav Killian, daktari wa Freiburg, Ujerumani, alitoa mfupa katika njia ya hewa ya mkulima kwa kutumia mrija mgumu. Mrija unaopindika ulitengenezwa na Mjapani Shigeto Ikeda katika miaka ya 1960.

Endoskopi huonyesha rangi, ute na mwendo wa ukuta mgonjwa anapopumua. Lakini lenzi hukuza kilicho karibu, kwa hiyo kukadiria upana kwa macho hudanganya hata mabingwa. Ndiyo maana kwa watoto hupitishwa mipira ya kupumulia ya saizi mbalimbali, na ile inayopita hulinganishwa na ile inayofaa umri. Ngazi za Myer na Cotton za mwaka 1994 hutegemea kipimo hicho: ya kwanza ni mbano usiozidi asilimia 50, ya nne ni kuziba kabisa.

CT

CT hutoa milimita moja kwa moja na huonyesha hata sehemu iliyo ng'ambo ya mbano, ambako mrija haupiti. Hata hivyo hutumia mionzi, ute unaweza kuonekana kama uvimbe, na mtoto anayelia huharibu picha.

Watoto na mbegu

Punje ya mahindi, karanga au harage, vyakula vya kila siku Arusha, ikivutwa na pumzi mara nyingi haionekani kwenye eksirei ya kawaida, na harage hufura kwa unyevu. Katika ripoti ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyotolewa mwaka 2011, karanga ziliongoza katika njia ya hewa, na sarafu katika umio.

Kwa wakazi wa Arusha, hospitali ya rufaa ya kanda ni KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, umbali wa kilomita 80 hivi. Mtoto aliyetulia anaweza kupigwa CT kwanza ili ijulikane kitu kimekwama wapi. Anayeshindwa kupumua hasubirishwi picha: hupelekwa chumba cha upasuaji, ambako mrija uleule hupima na kutoa.