Goti Jipya, Mwili Uliochoka: Jinsi Madaktari Walivyojifunza Kuhusu Kupona Polepole

Leo ninazungumza hasa nawe mama, nawe binti, nawe mke wa mwana, ambaye nyumbani kwako kuna mtu aliyebadilishwa goti hospitalini. Labda ni mama mkwe wako. Amerudi, kidonda kimefunga, nyuzi zimetolewa, majirani wamekuja kumpa pole na wameenda. Sasa ni wiki ya sita, na bado kila baada ya chai ya asubuhi anataka kulala tena. Unajiuliza: Je, anadeka? Au kuna kitu kimeharibika huko ndani?

Mimi pia nilijiuliza. Mamangu mzazi alipobadilishwa goti la kulia, wiki ya tano nilimwambia maneno ambayo hadi leo yananiuma. Nilimwambia, "Mama, goti ulishapewa jipya. Sasa ni wewe tu hutaki kuinuka." Hakunijibu. Alivuta leso yake akajifunika, akageukia ukutani.

Baadaye nilianza kusoma, nikaona kwamba lile swali langu liliwasumbua madaktari miaka mingi kabla sijazaliwa, na kwamba wengine wao walikosea kama nilivyokosea. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze habari za kale kidogo. Vuta kiti.

Mwaka 1890, mjini Berlin, Ujerumani, daktari mpasuaji aitwaye Themistocles Gluck alitengeneza goti la pembe ya ndovu. Naam, pembe ya ndovu. Siku hizo meli zilikuwa zikibeba pembe kutoka Unguja kwenda Ulaya, zikatengenezwe vinanda na vitu vya anasa. Gluck alichonga bawaba, kama ile ya mlango, akaiingiza kwenye magoti yaliyoharibiwa na kifua kikuu. Kumbuka kwamba ugonjwa huo hauli mapafu peke yake. Huingia mifupani pia. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu, lakini maambukizi yalikuwa bado mle ndani, na dawa ya kuyaua haikuwepo. Kazi ile ikavunjika.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, goti lililoharibika halikuwa na mengi ya kufanyiwa. Mgonjwa alilazwa, mguu ukafungwa, akaambiwa atulie. Mwalimu mkuu wa kutulia alikuwa Hugh Owen Thomas wa Liverpool, Uingereza, aliyefariki mwaka 1891. Yeye alifundisha kwamba kiungo kigonjwa kipewe mapumziko ya muda mrefu, bila kukatizwa. Kama umewahi kumwona mtu aliyevunjika paja amelazwa wodini, mguu wake ukiwa ndani ya fremu ndefu ya chuma, basi umeona urithi wake: kifaa hicho bado kinaitwa kwa jina la Thomas, na hospitali zetu zinakitumia. Sipendi kumcheka. Kwa goti lenye kifua kikuu, enzi zisizo na dawa, mapumziko yalikuwa jambo la busara. Ubaya ulikuja pale watu walipochukua ushauri wa ugonjwa mmoja wakaufanya sheria ya magonjwa yote. Wakati huohuo kule Ufaransa, daktari Just Lucas-Championnière alikuwa akisema kinyume chake: kiungo kisicholazimishwa kutulia kisitulizwe, kikandwe na kisogezwe mapema. Wengi hawakumsikiliza.

Sasa tufike kwa mtu ambaye ningependa kila mwenye mgonjwa nyumbani amjue. Jina lake David Cuthbertson, na alifanya kazi Glasgow, Scotland. Hakuwa mpasuaji, kazi yake ilikuwa ya maabara. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alianza kuchunguza wagonjwa waliovunjika mifupa ya miguu, kwa sababu baadhi ya mifupa ilikuwa ikichelewa sana kuunga. Alichofanya ni kazi ya subira, karibu kama ya mama mwenye mtoto mchanga. Alipima chakula chote kilichoingia kinywani mwa mgonjwa, na alipima mkojo wote uliotoka, siku baada ya siku.

Alitarajia kuona upungufu wa madini ya mifupa. Akaona jambo kubwa zaidi. Mkojo ulikuwa umejaa mabaki ya protini, mengi kuliko yale ambayo mfupa uliovunjika na nyama iliyopondeka vingeweza kutoa. Mengi kuliko yale ya mtu mzima aliyelala tu kitandani. Yalitoka wapi? Yalitoka kwenye misuli ya mwili mzima, hata ile ambayo haikuguswa na ajali. Mwili ulikuwa unabomoa ukuta mmoja ili uzibe tundu kwenye ukuta mwingine. Na ubomoaji huo haukuwa mkali zaidi siku ya kwanza. Ulipanda na kufikia kilele mnamo siku kadhaa baadaye, karibu na mwisho wa wiki ya kwanza. Matokeo hayo aliyaandika kuanzia mwaka 1930.

Fikiria maana yake, mama. Goti likibadilishwa, mpasuaji hukata ngozi, hupanua nyama, hukata ncha za mifupa miwili mikubwa kwa msumeno na kufunga chuma na plastiki. Kwa mwili, hiyo ni sawa na kuvunjika. Mwili haujui kwamba ulikatwa na mtu mwenye nia njema. Unaanza kazi ya ukarabati, na mafundi wa ukarabati huo wanakula akiba ya nyumba nzima. Mgonjwa anapokuambia, "Nimechoka hata mikono," hadanganyi. Mikono nayo imechangia.

Huko Boston, Marekani, mpasuaji Francis Moore alichukua uchunguzi huo akaupeleka mbele. Katika miaka ya 1950 aligawa kupona katika hatua nne. Kwanza ni siku za jeraha lenyewe, mgonjwa hataki chakula wala mazungumzo. Pili ni siku ya kugeuka, anapoanza kuuliza habari za nyumbani. Ukisikia, "Ng'ombe amekamuliwa?" ujue umefika hapo. Tatu ni wiki za kurudisha nguvu za misuli. Nne ni miezi ya kurudisha unene na akiba, na hiyo huendelea muda mrefu baada ya kidonda kufunga. Nilipoisoma hatua ya tatu na ya nne, ndipo nilipomkumbuka mamangu na ile leso. Mimi nilikuwa nikitazama kovu. Kovu lilikuwa limepona. Mtu alikuwa bado njiani.

Magoti yenyewe yalikuja baadaye. Mwaka 1951, Börje Walldius wa Sweden alitengeneza goti la bawaba, kwanza la plastiki ngumu, kisha la chuma. Shida ni kwamba goti la binadamu halifanyi kazi kama mlango. Linakunjika, ndiyo, lakini pia linateleza na kujizungusha kidogo, na bawaba zilizolazimishwa kufanya yote hayo zililegea. Mwaka 1962, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington huko Uingereza, alifaulu kubadilisha nyonga kwa chuma kinachozunguka ndani ya plastiki, vyote vikishikiliwa na saruji maalum. Kijana mmoja kutoka Kanada, Frank Gunston, alienda kufanya kazi hapo, akayachukua mawazo hayo akayaleta kwenye goti mnamo mwaka 1968. Halafu mjini New York, mnamo 1973 na 1974, John Insall, Chitranjan Ranawat na Peter Walker walitoa goti ambalo mengi ya leo ni wajukuu wake.

Lakini kuna mabadiliko mengine ambayo hayatajwi sana, na ndiyo yanayokugusa wewe. Mwaka 1947 daktari Richard Asher wa London aliandika makala maarufu akionya juu ya hatari za kulazwa kitandani: damu kuganda miguuni, mapafu kujaa, mifupa kudhoofika, viungo kukakamaa. Miaka ya 1990, mpasuaji Henrik Kehlet wa Denmark akaunganisha mambo kadhaa: dawa bora za maumivu, chakula mapema, kusimama mapema. Kule kwao, waliobadilishwa nyonga au goti walikaa hospitalini kama siku 10 mwaka 2000. Kufikia 2009 zilikuwa 4 hivi. Mtindo huo umeenea. Leo mgonjwa anaweza kusimamishwa siku ileile ya operesheni, au kesho yake.

Ni jambo jema, nami naliunga mkono. Ila tuseme ukweli: hatua za Moore hazikufupishwa kwa sababu mgonjwa ametoka mapema. Zile wiki zilizokuwa zikipita wodini, mbele ya wauguzi, sasa zinapita chumbani kwako, mbele yako, nawe una watoto wa kupeleka shule na shamba la kupalilia. Kazi imehamishwa, na mara nyingi hakuna aliyekaa nawe akakuonyesha inavyofanywa.

Basi tuelezane. Uchovu mkubwa wa wiki za kwanza ni wa kawaida, na kwa wengi unaendelea kwa miezi miwili au mitatu, ukipungua polepole. Goti kuvimba jioni na kuwa na joto kuliko lile lingine linaweza kuendelea kwa miezi kadhaa. Ngozi iliyo upande wa nje wa kovu huweza kubaki na ganzi. Nguvu huendelea kurudi hadi mwaka mzima. Tena si wote wanaofurahia: katika kila watu watano, mmoja hivi hubaki na maumivu fulani. Ni vizuri familia ijue hivyo kabla, si baada.

Uchovu una sababu nyingine zaidi ya ile ya Cuthbertson. Damu hupotea wakati wa operesheni, na kuirudisha huchukua wiki nyingi. Mwambie daktari apime kama mgonjwa amepauka, ana kizunguzungu au moyo unamwenda mbio. Usingizi hukatika kwa sababu ya maumivu ya usiku. Dawa kali za maumivu nazo hulegeza mwili na kufunga choo. Misuli ya paja inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake katika mwezi wa kwanza, kwa hiyo kwenda chooni peke yake ni safari.

Mpe protini katika kila mlo, si Jumapili tu. Mayai, maziwa au mala, maharagwe, ndengu, omena, samaki, nyama ikipatikana. Uji mtupu na chai haviwezi kujenga ukuta uliobomolewa. Na chai hiyo usimpe pamoja na chakula, kwa maana inazuia madini ya chuma kuingia mwilini; ikae saa moja au mbili. Kama ana kisukari, sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kidonda na kukaribisha vijidudu, basi dawa zake zisikatizwe. Na kama anavuta sigara, huu ndio wakati wa kuacha.

Mazoezi aliyoonyeshwa afanye kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, kuliko kufanya mengi mara moja na kulala siku mbili. Mpe dawa ya maumivu kabla ya mazoezi, kama daktari alivyoagiza. Halafu kuna kosa moja linalofanywa kwa upendo: kumwekea mto chini ya goti ili apumzike. Goti likizoea kukaa limekunjika, halitanyooka tena vizuri. Mto uwe chini ya kisigino.

Kuna dalili ambazo si za kungojea. Muvi wa mguu kuvimba na kuuma, kifua kuuma au pumzi kukata ghafula, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Mkimbize hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kidonda kutoa usaha au maji, kufunguka, wekundu unaoenea, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mrudishe kwa waliompasua, wala usimnunulie dawa za kuua vijidudu kwenye duka la dawa. Na uchovu ambao ulikuwa unapungua kisha ukarudi kwa nguvu, huo nao ni wa kuchunguzwa.

Mtanyanyuka na maswali ya nyumbani. Choo cha shimo cha kuchuchumaa kitamshinda. Fundi anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu kwa bei nafuu. Kigoda kifupi cha jikoni kiondolewe, na mkeka sakafuni ukunjwe asijikwae. Kama alizoea kusali akiwa amepiga magoti, aketi kwenye kiti.

Mamangu alifika sokoni kwa miguu yake mwezi wa saba, akiwa na mkongojo mmoja, akarudi na fungu la ndizi alilokataa nimbebee. Kupiga magoti hapendi hadi leo, na mbuzi ya kukunia nazi amempa mjukuu. Siku moja nilimwomba msamaha kwa yale niliyosema. Akaniambia alikuwa ameshasahau, kisha akanikumbusha neno kwa neno.