Hesabu za Watu wa Zamani na Habari za Ukoo

Mwanafunzi atakaye kuandika habari za ukoo wake huanza kwa wazee, na ndivyo ipasavyo. Lakini wazee wakiisha kusimulia, hutamani ushahidi wa maandishi. Naye afikapo katika Nyaraka za Taifa mjini Nairobi na kufunua taarifa za mwaka za wilaya yake, hukuta tarakimu nyingi za watu na nyumba. Hapo yampasa kuwa mwangalifu, maana tarakimu hizo hazikuandikwa kwa ajili yake.

Sheria ya kodi ya nyumba ilitungwa mwaka 1901, na tangu hapo serikali ya kikoloni ilikuwa na haja ya kujua idadi ya nyumba kuliko idadi ya watu. Nyumba zilihesabiwa, kisha hesabu yake ikazidishwa kwa watu waliodhaniwa kukaa katika kila moja, na jibu likaitwa idadi ya wenyeji. Huko kulikuwa kukisia. Nao wenyeji hawakuwa wajinga: kwa kuwa kila nyumba ilitozwa kodi, wengi walijibana katika nyumba chache.

Tuseme basi daftari la kodi la mwaka 1912 lampa babu yake nyanya yako nyumba moja, naye nyanya asema alisikia kwa mamaye kuwa wake walikuwa wawili. Nani mkweli? Usikimbilie kumsahihisha nyanya. Yawezekana wake wote wawili walilala chini ya paa moja mwaka ule, kusudi rupia zibaki nyumbani. Ukimfuta mke wa pili kwa sababu karani hakumwona, umewafuta na wanawe wote, na pengine haki yao katika shamba la ukoo.

Hata hivyo, tarakimu zaweza kuzindua swali jema. Ukiona idadi ya watu imepungua baada ya 1918, uliza: ni nani wa kwetu waliochukuliwa kuwa wapagazi wa vita wasirudi, na ni nani waliouawa na homa ya mafua ya mwaka ule?

Wazungu na Wahindi walihesabiwa tangu 1911, bali Waafrika wa Kenya nzima hawakupata sensa hasa mpaka 1948. Mwaka huo walipatikana watu 5,405,966 wa makabila yote; mwaka 1962 wakawa 8,636,263. Ziada hiyo si watoto waliozaliwa tu. Wamo pia waliorukwa mara ya kwanza. (Waingereza wenyewe, walipoanza kuhesabiana mwaka 1801, walitaka idadi tu, majina ya watu wote hayakuandikwa mpaka 1841.)

Nyanya yako, ikiwa alikuwa amekwisha kuzaliwa siku ya sensa ya 1948 na karani akafika kwao, yumo katika zile 5,405,966. Majedwali yaliyochapishwa hayamtaji jina. Hilo utalipata kwake.