Siki na Tui: Historia ya Mapishi ya Mikoa ya Ufilipino

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,600 vilivyotawanyika magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, na kwa desturi hugawanywa katika kanda tatu, yaani Luzon upande wa kaskazini, Visayas katikati na Mindanao upande wa kusini. Jiografia hiyo ndiyo inayoyaeleza mapishi yake, kwa sababu watu waliotenganishwa na maji na milima walipika mazao yaliyokuwa karibu nao, nao wageni walioingia kwa zama mbalimbali, wakiwamo Wachina, Waislamu, Wahispania na Wamarekani, hawakufika kila mahali kwa wakati mmoja wala kwa nguvu sawa. Kwa hiyo msafiri apendaye chakula akiuliza mlo wa taifa hilo ni upi, atapewa majibu mengi, na kila jibu litakuwa na mkoa wake. Makala haya yanaifuata historia hiyo mkoa kwa mkoa, yakishikilia hoja kwamba vyakula vya kigeni vilipata makazi Ufilipino kwa kupitishwa kwanza katika mbinu za wenyeji, ambazo ni kutia siki, kuchachusha, kuunga kwa tui na kuchoma.

Msingi wa kale

Mbinu hizo ni urithi wa jamii za Kiaustronesia, watu wa bahari ambao walienea kutoka Taiwan hadi Ufilipino zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na ambao vizazi vyao vilifika Indonesia, visiwa vya Pasifiki na hatimaye Madagaska. Walilima mpunga na majimbi, wakafuga nguruwe na kuku, na mnazi ukawapa chakula, kinywaji na vyombo. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana uhusiano wa kweli na mabaharia hao, kwani wataalamu wengi huwahusisha na ngalawa yenye matengo pande mbili, ambayo ni ndugu ya chombo kiitwacho bangka kinachotumiwa na wavuvi wa Ufilipino hadi leo.

Mlo unaodhihirisha ukale huo ni kinilaw, yaani samaki mbichi anayekatwa vipande na kuivishwa kwa siki, tangawizi na pilipili bila kupitishwa motoni. Huko Butuan, kaskazini mwa Mindanao, wachunguzi wa mambo ya kale walifukua mifupa ya samaki iliyokuwa pamoja na maganda ya tunda la tabon-tabon, ambalo wapishi wa sehemu hizo bado hulitumia kuondoa shombo. Siki yenyewe hubadilika kwa kufuata ardhi: Ilocos hutumia siki ya miwa, pwani za Visayas hutumia tembo la mnazi lililochachuka, na sehemu zenye vinamasi hugema utomvu wa mnipa, mti wa jamii ya michikichi unaoota penye maji ya chumvi. Katika hali ya joto na unyevu, siki na chumvi ndivyo vilivyohifadhi chakula kabla ya barafu kujulikana.

Kutokana na desturi hiyo ulizaliwa adobo, mchuzi mzito wa nyama iliyopikwa kwa siki, kitunguu saumu na pilipili manga. Mwaka 1613 mtawa Mhispania Pedro de San Buenaventura aliuingiza katika kamusi yake ya Kitagalog kama upishi wa wenyeji, jambo linaloonyesha kuwa Wahispania waliukuta na kuupa jina tu. Adobo wa leo una sura nyingi: katika sehemu nyingi hutiwa sosi ya soya iliyoletwa na Wachina, Batangas huutia manjano, Bicol huutia tui, na wengine huupika bila sosi wala tui kama wazee wa kale. Sinigang nayo, ambayo ni supu kali ya nyama au samaki, huchachuliwa kwa ukwaju, mapera au kamias, tunda ambalo watu wa Zanzibar wanalijua kwa jina la birimbi.

Wafanyabiashara na jahazi za Manila

Wachina walifanya biashara na visiwa hivyo karne nyingi kabla ya Wahispania, na mwaka 1594 mtaa wa Binondo ulianzishwa Manila kwa ajili ya Wachina walioingia Ukristo. Urithi wao mkubwa ni pancit, jina la jumla la vyakula vya tambi, ambalo kila mji umelifanya lake. Malabon, mji wa wavuvi, hupamba tambi zake kwa kamba na chaza. Lucban huzipakua juu ya jani la mgomba, zikaliwa kwa kulielekeza jani mdomoni bila uma. Tuguegarao huziwekea nyama ya nyati wa kufugwa na yai juu yake. Na Iloilo hupika pancit Molo, ambayo ni supu ya vifuko vya unga vyenye nyama ndani.

Utawala wa Hispania ulianza mwaka 1565, na tangu mwaka huo hadi 1815 jahazi kubwa zilivuka Pasifiki kati ya Manila na Acapulco, Meksiko. Zilileta mahindi, mihogo, nyanya, pilipili, kakao, mananasi na mipapai, na mazao hayo yaliingia vyunguni kwa viwango tofauti, hata Cebu, kisiwa chenye ardhi ya mawe isiyofaa mpunga, kikafanya mahindi yaliyosagwa kuwa chakula chake cha kila siku. Safari ilikuwa ya pande zote mbili, kwani mabaharia wa Kifilipino walipeleka ufundi wa kugema tembo hadi Colima, Meksiko, ambako kinywaji hicho bado huitwa tuba, jina lilelile la Ufilipino.

Luzon: kutoka milima ya kaskazini hadi Bicol

Ilocos, ukanda mwembamba na mkavu uliobanwa kati ya milima na bahari, umewafundisha watu wake kutotupa kitu. Pinakbet, chakula chao mashuhuri, huunganisha karela, biringanya na bamia, zao lenye asili ya Afrika, kisha huungwa kwa bagoong, yaani kitoweo cha dagaa waliotiwa chumvi na kuachwa wachachuke. Miwa ya huko hutoa pia basi, mvinyo ambao serikali ya Kihispania ilipojaribu kuuhodhi, wananchi waliasi mwaka 1807. Mjini Vigan, uliotangazwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1999, wauzaji wa barabarani hukaanga empanada, ambayo ni andazi la unga wa mchele lililojazwa papai bichi, yai na soseji ya kitunguu saumu. Katika milima ya Cordillera, ambako Waifugao walichonga matuta ya mpunga, nyama ya nguruwe hukaushwa kwa chumvi na kuitwa etag, na mchele huchachushwa kuwa mvinyo uitwao tapuy.

Pampanga, uwanda wa mpunga na mito kaskazini ya Manila, huhesabiwa na Wafilipino wengi kuwa makao makuu ya upishi wao, kwa kuwa wapishi wake walisifika tangu enzi za Wahispania bila kuacha vyakula vya mashambani kama buro, yaani wali uliochachushwa pamoja na samaki. Historia ya sisig inatosha kuonyesha jinsi mkoa huo unavyobadilika. Kamusi ya Kikapampangan ya Diego Bergaño ya mwaka 1732 inaieleza kama kachumbari ya matunda mabichi yenye siki. Katika karne ya 20 ikawa nyama ya kichwa cha nguruwe, na inasimuliwa kwamba vichwa hivyo vilipatikana kwa bei ndogo kutoka kambi ya Wamarekani ya Clark. Kisha katika miaka ya 1970, mjini Angeles, Lucia Cunanan akaanza kuichoma na kuikatakata, na sura hiyo ndiyo iliyoenea ulimwenguni.

Kusini mwa Luzon, chini ya volkano ya Mayon, watu wa Bicol hupika kwa tui na pilipili kuliko Wafilipino wengine wa kaskazini. Laing yao ni majani ya majimbi yaliyokaushwa na kupikwa polepole katika tui hadi likakauka na kutoa mafuta, na mpishi wa Pemba au Lamu ataitambua mbinu hiyo bila kufundishwa.

Visayas: makaa, miwa na mbaazi

Cebu inasifika kwa lechon, nguruwe mzima anayejazwa mchaichai na vitunguu tumboni kisha kuokwa juu ya makaa, akaliwa pamoja na puso, ambao ni wali uliopikwa ndani ya vifuko vya makuti machanga yaliyosukwa. Upande wa magharibi, kufunguliwa kwa bandari ya Iloilo kwa biashara ya kigeni mwaka 1855 kuliifanya Negros kuwa kisiwa cha mashamba ya miwa, utajiri uliojengwa kwa jasho la vibarua na ulioacha mapishi ya matajiri na ya watu wa kawaida. Bacolod ilitoa inasal, kuku anayelowekwa katika siki, mchaichai na ndimu ndogo za calamansi, kisha kuchomwa huku akipakwa mafuta ya mzingefuri. Katika nyumba za wakulima hupikwa mbaazi pamoja na nyama ya nguruwe na fenesi bichi, mchuzi ukichachuliwa kwa tunda la batuan. Mwaka 2023 Iloilo ilikuwa mji wa kwanza wa Ufilipino kuingizwa na UNESCO katika mtandao wa miji bunifu kwa upande wa mapishi.

Mindanao: meza ya Waislamu

Uislamu uliingia kupitia visiwa vya Sulu, na msikiti wa Simunul, Tawi-Tawi, kwa mapokeo hurejeshwa mwaka 1380. Wahispania hawakufanikiwa kuzitawala kikamilifu sehemu hizo, na kwa sababu hiyo mapishi yake yalibaki karibu na ulimwengu wa Malay, yakiwa na viungo vingi na bila nyama ya nguruwe. Watausug hupika tiyula itum, supu nyeusi ya ng'ombe au mbuzi inayopata rangi yake kwa nazi iliyounguzwa na kusagwa pamoja na viungo. Wamaranao wa Ziwa Lanao huunga vyakula vyao kwa palapa, mchanganyiko wa vitunguu vyembamba viitwavyo sakurab, tangawizi na pilipili. Mapigano ya mwaka 2017 mjini Marawi, kando ya ziwa hilo, yalipowahamisha mamia ya maelfu ya watu, palapa ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo wanawake waliokimbia walitengeneza na kuuza ili kujikimu. Ni dhuluma ya muda mrefu kwamba vitabu vingi vya mapishi ya Ufilipino vimeipa meza hii kurasa chache.

Karne ya 20 na wajibu wa msafiri

Utawala wa Marekani, ulioanza mwaka 1898, ulileta barafu, maziwa ya kopo na nyama ya kopo, na pamoja navyo hofu kwamba chakula cha wenyeji kingedharauliwa. Mwanakemia Maria Orosa, aliyesoma Marekani, aliitumia sayansi kulinda mazao ya nyumbani, akabuni sosi ya ndizi badala ya ile ya nyanya na lishe ya soya iliyowasaidia wafungwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kabla ya kuuawa katika mapigano ya Manila mwezi Februari 1945. Baadaye Doreen Fernandez, mwanahistoria aliyefariki mwaka 2002, alithibitisha katika maandishi yake kwamba upishi wa Kifilipino ni somo linalostahili utafiti sawa na fasihi.

Kwa msafiri, funzo la historia hii ni la vitendo. Manila ni mwanzo mzuri wa safari, lakini haiwezi kuwa mwisho wake, kwa kuwa siki ya Ilocos, tui la Bicol, makaa ya Bacolod na nazi nyeusi ya Sulu vina ladha kamili penye udongo na watu wake. Na aingie katika carinderia, vibanda vya chakula ambako sufuria hupangwa mbele ya mteja achague kwa kidole, aulize mlo huo ni wa mkoa gani, na akiwa Mwislamu aanzie sehemu za Waislamu za Mindanao, ambako chakula halali ni desturi ya mahali. Mapishi ya mikoa huishi pale tu yanapoliwa na kulipiwa mikoani, na mgeni anayekwenda kuyatafuta huko ni mmoja wa watu wanaoyalinda.