Kifusi na Hazina: Historia ya Kiuchumi ya Mlima wa Mavi ya Shaba mjini Lubumbashi

Utangulizi

Kila mji huzaa kifusi chake. Nyumba ikibomolewa, hubaki zege lililovunjika, matofali na vyuma; tanuri likizimwa, hubaki mabaki ya madini yaliyoyeyushwa. Katika hali zote mbili swali la kiuchumi ni moja: ni nani mwenye uwezo wa kukiita kifusi hicho taka, na ni nani mwenye uwezo wa kukiita mali? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuutazama mlima mweusi ulio kando ya tanuri la zamani la shaba mjini Lubumbashi, ambao wakazi huuita kwa jina la Kifaransa, terril.

Majina yenyewe yanastahili kuangaliwa kwanza. Neno terril lililetwa na Wabelgiji kutoka maeneo yao ya migodi ya makaa ya mawe, ambako mawe yasiyofaa yalirundikwa hadi yakawa vilima. Kiswahili nacho kina usemi wake wa kale, mavi ya chuma, yaani yale yanayotoka katika tanuri la mhunzi baada ya chuma kupatikana. Majina yote mawili yanatoa hukumu: kilichobaki hakina thamani. Historia ya Lubumbashi inaonyesha kwamba hukumu hiyo ilitolewa mapema mno.

Jinsi mlima ulivyojengwa

Ufuaji wa shaba Katanga haukuanza na Wazungu. Mafundi wa nchi hiyo walikuwa wakiyeyusha shaba karne nyingi kabla ya ukoloni, na misalaba yao ya shaba ilisafiri mbali kama fedha na kama mali ya mahari. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini iliufikia mji mpya wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuri lilitoa shaba yake ya kwanza. Makaa ya koki yaliletwa kwa reli hiyo hiyo kutoka Wankie, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe.

Mawe ya mwanzo yalitoka mgodi wa Étoile, ulio karibu na mji; baadaye yakaja ya Kipushi, umbali wa kilomita 30 hivi. Tofauti hiyo ni muhimu. Mawe ya Kipushi yalibeba zinki nyingi pamoja na kiasi kidogo cha gerimani, madini ambayo wakati huo yalikuwa na matumizi machache. Tanuri lilitafuta shaba tu. Chuma na mchanga viliyeyuka pamoja, vikachukua zinki na sehemu ya kobalti, kisha vikamwagwa nje vikiwa moto. Kazi hiyo iliendelea kwa takriban miaka 80, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mlima huo ni wa kazi ya watu pia. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara bora, na askari wa serikali ya kikoloni wakawafyatulia risasi. Makumi ya watu walikufa. Daftari za kampuni ziliandika shaba iliyouzwa. Kilichomwagwa nje kilihesabiwa kuwa gharama ya kumaliza, na hakikuwekewa thamani.

Kifusi cha nyumba na kifusi cha tanuri

Ili kuelewa jinsi taka inavyogeuka mali, inafaa kulinganisha aina hizi mbili za kifusi. Zege la jengo lililobomolewa laweza kusagwa likawa kokoto, likatandazwa chini ya barabara. Vyuma vilivyomo huchomolewa na kuuzwa kwa wayeyushaji. Lakini saruji iliyokwisha kuganda hairudii hali yake ya unga kwa kusagwa tu; kinachopatikana ni jiwe, na jiwe ni zito na rahisi. Nauli yake huimeza bei yake baada ya mwendo mfupi. Kwa hiyo biashara ya kifusi cha zege huishi pale tu ambapo ubomoaji, mashine ya kusaga na ujenzi mpya viko karibu, na ambapo kutupa kunagharimu. Ujerumani baada ya vita vya 1939-1945 ni mfano ulio wazi: matofali mengi ya miji iliyobomolewa yalisafishwa na kutumiwa tena, lakini kilichobaki kilikuwa kingi kiasi cha kufanya vilima, kama Teufelsberg mjini Berlin.

Mavi ya shaba yanafuata kanuni nyingine. Kwa umbo ni jiwe kama kokoto; kwa ndani yana kobalti ya asilimia 2 hivi, na zinki zaidi ya hiyo. Hapa nauli si kizuizi kikuu, maana kobalti ikishakusanywa huweza kuvuka bahari na bado ikalipa. Vizuizi ni umeme wa kuyeyusha, mtaji wa kujenga tanuri, na bei ya soko.

Taka yageuka mali

Vizuizi hivyo vililegea kimoja kimoja. Mabwawa ya Nzilo na Nseke katika mto Lualaba, yaliyojengwa miaka ya 1950, yaliipa Katanga umeme mwingi. Mwaka 1967 mali za Union Minière zilichukuliwa na dola, na kampuni ya taifa iliyotokea ikaja kuitwa Gécamines. Vita vya Kolwezi vya mwaka 1978 viliitia hofu dunia kuhusu kobalti, na bei ikapanda mara kadhaa. Baada ya 1991, betri mpya za litiamu zilianza kuiongezea kobalti wateja.

Mtaji, hata hivyo, ulikuwa umekwisha. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Ghasia na uporaji vikafuata. Na Gécamines, iliyozalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilitoa tani 30,000 hivi mwaka 1994. Mwenye mlima hakuwa na fedha za kuuchimba. Ndipo ukaundwa ubia: OM Group ya Marekani ikachukua asilimia 55, kundi la George Forrest asilimia 25, na Gécamines asilimia 20. Kiwanda cha STL kilijengwa kando ya mlima, na tanuri lake la umeme likaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aloi yenye kobalti ilisafirishwa hadi Kokkola, Finland, kusafishwa.

Kisichoandikwa hakilipwi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2002 ripoti ya jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba gerimani iliyomo katika mazao ya mlima ilikuwa ikipatikana Finland bila Gécamines kugawiwa mapato yake. Kampuni zilizotajwa zilizipinga tuhuma za ripoti hiyo. Lolote liwalo, mgogoro huo ulidhihirisha jambo la msingi: katika biashara ya mabaki, anayejua kilichomo ndani ndiye mwenye nguvu mezani. Gerimani, iliyokuwa haina maana wakati ilipomwagwa, sasa ilihitajika katika nyuzi za mawasiliano, lenzi za kuonea gizani na sola za satelaiti.

Hatimaye STL yote ilirudi mikononi mwa Gécamines, na mwaka 2024 kiwanda kipya kilitoa shehena ya kwanza ya gerimani kwenda Ubelgiji. Mnunuzi ni Umicore, kampuni ambayo hadi mwaka 2001 iliitwa Union Minière. Kile kilichotupwa na babu kimenunuliwa na mjukuu.

Hitimisho

Tangu 1911 hadi leo jiwe lile halikubadilika. Kilichobadilika ni umeme, bei, elimu ya kupima na maneno ya mikataba. Hata hivyo hesabu haijafungwa. Upande wa Penga Penga, ambako upepo ulipeleka moshi wa tanuri, ardhi ilijaa metali na miti ikatoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuwa wakijaribu kuirudishia majani. Hasara hiyo nayo ni zao la tanuri, lakini haina mnunuzi. Mji unaotaka kunufaika na kifusi chake, kiwe cha nyumba au cha shaba, hapana budi upime kabla ya kutupa, uandike kabla ya kuuza, na uiweke ardhi katika daftari pamoja na madini.